Kikao Kilichofanyika Bila Binti Yangu

Mratibu wa watu wenye ulemavu alipokuja kwetu mara ya kwanza, nilidhani kabeba nyumba nzima kwenye mkoba. Humo alitoka fundi wa kujenga mteremko mlangoni, akatoka mtaalamu wa kunyoosha viungo, ikatoka cherehani ya mkono. Ningemwachia, angetoa na mkwe.

Binti yangu wa mwisho anatumia kiti cha magurudumu. Alimuuliza mratibu kazi yake hasa ni nini, maana si daktari, si mwalimu, wala hapiki.

"Wewe unasema unavyotaka kuishi," akajibu. "Mimi nakutafutia watu wa kukufikisha hapo."

Binti akasema anataka kubaki kwenye chumba chake cha uani, ashone. Basi. Mratibu tukamwita Dada Kiungo, akawa anajua hata sufuria zetu zinakaa wapi.

Kumbe nyoka tumemfuga wenyewe. Asubuhi moja nilimpelekea Dada Kiungo ofisini shati lake lililoshonwa, nikamkuta na mwanangu wa kiume, wanapanga siku ya kumhamishia dada mtu kwenye kituo cha kulea. Kaka anakitaka chumba afungue duka la simu. Mwenyewe yuko nyumbani anakunja pindo, hana habari.

"Mama, tulitaka kukupunguzia mzigo," akasema mratibu. "Si ulisema mgongo umekatika vipande vitatu?"

Nilisema, ndiyo. Nilisema pia kwamba jogoo wetu huniletea chai kitandani; hilo mbona hakuliitia kikao?

Shati nikarudi nalo. Binti yangu nilipomweleza hakulia, alimaliza pindo lake. Jioni mratibu akaja na maneno ya asali. Binti akamwacha ayamalize yote.

"Dada, kazi yako ni kunitafutia watu," akamwambia. "Nitafutie mratibu mwingine."

Akamtafuta, angefanyaje. Aliyekuja ni baba mmoja mpole, hana hata mkoba, lakini hamjibu mtu yeyote kabla hajamuuliza mwenye kiti. Safari ya kituoni ikafia hapo, na cherehani bado inalia uani.

Mwanangu tamaa yake naijua tangu ananyonya, haikunishangaza. Kilichonichoma ni yule tuliyemfungulia mlango. Tukikutana sokoni ananipa shikamoo. Naitikia marahaba, adabu ni adabu. Akiuliza habari za nyumbani, namwambia nyanya zimepanda bei.