Sauti ya Dawati la Nyuma

Jumatatu nilimpelekea mwanangu sweta aliyoisahau, katika shule yake ya msingi karibu na soko la Muthurwa, Nairobi, nikajikuta nimesimama mlangoni mwa darasa lake, la nne.

Mwalimu wao, mama wa makamo, alikuwa ameweka redio ya kaseti mezani. Watoto walingoja muziki. Badala yake ikatoka sauti ya mtoto akisoma hadithi, taratibu, bila kukwama popote.

"Ni nani huyo?" mwalimu akauliza.

Wakataja wasomaji hodari wote wa darasa. Hakuna aliyepata. Msichana wa dawati la nyuma alikuwa ameziba uso kwa viganja.

"Ni yeye," mwalimu akasema, akimwonyesha msichana huyo.

"Wacha!" mvulana mmoja akaropoka kwa mshangao, kisha akaanza kupiga makofi, na wenzake wakamfuata.

Baadaye mwalimu alinieleza kwamba msichana huyo ana kigugumizi, na kila aliposimama kusoma alichekwa mpaka akakataa kabisa. Ndipo mwalimu akampa ile redio, akamfungulia stoo ya vitabu, akamwambia ajirekodi akisoma peke yake na arudie mpaka aridhike.

Makofi yalipokwisha, msichana aliinua mkono. "Mwalimu, nisome ukurasa unaofuata?"

"Nikuwekee kaseti?"

"Hapana. Nisome tu."

Akasimama, akasoma. Alikwama mara kadhaa, na kila alipokwama darasa zima lilimngoja.

Kwangu pia iko redio ya kaseti. Tumeifunika kitambaa cha kufuma, isiingie vumbi; mwanangu hajawahi kurekodi sauti yake humo.