Fundi Aliyeamini Mstari

Mtaani walimwita Mstari, naye hakuchukia. Alikuwa fundi wa spika, na kazi aliifanya nyumbani, katika chumba alicholala binti yake kabla hajaolewa. Ukutani aliegemeza magodoro mawili ili sauti isirudi. Spika aliiweka juu ya stuli, na mbele yake maikrofoni nyembamba kama penseli, umbali wa mita moja uliopimwa kwa uzi wenye fundo. Kisha kompyuta ilitoa mlio ulioanza na mngurumo mzito, ukapanda, ukapanda, mpaka ukawa kama sindano. Kwenye kioo ulichoreka mstari. Spika nzuri, mstari ulinyooka. Spika mbovu, ulijaa vilima na mabonde.

Mafundi wengine hupiga muziki, hutikisa kichwa, husema tayari. Yeye aliwadharau waziwazi. "Masikio ya mtu yana njaa, yana usingizi, yana wivu," alizoea kusema. "Mimi napima." Sina ugomvi na kupima. Anayepima kazi yake kabla ya kuikabidhi ni mwadilifu, na watu hao wamebaki wachache. Ila yeye alifika mahali ambapo hakuna mtu angemwambia jambo akamsadiki.

Ndipo mwalimu mkuu wa shule ya msingi alipompigia simu kuhusu spika nne za ukumbini, alizozitengeneza wiki moja kabla.

"Fundi, watoto wanaziba masikio. Zinachoma."

"Mwalimu, hao wamezoea spika zilizokufa. Mstari wa hizo umenyooka kama rula."

"Sasa nitawafundisha kwa huo mstari?"

Akaenda kuzichukua, amenuna, azipime upya na kumpelekea mwalimu mchoro.

Siku hiyo binti yake alikuja kumsalimia. Mlio ulipofika juu, akakunja uso. "Baba, zima! Unatoboa!"

"Unatoboa nini? Umeshakwisha."

"Umekwisha wapi? Huu hapa!"

Alidhani anataniwa. Akamwambia wainue mikono wote wawili, na asiyeusikia tena mlio ashushe wake. Wakasimama kama wanafunzi wanaogombea kujibu swali. Mlio ukapanda. Fundi akashusha mkono. Wa binti ulibaki juu. Mstari ukaendelea kusogea kwenye kioo, katika chumba ambacho kwake kilikuwa kimya kabisa, na mkono wa mwanawe bado uko juu.

"Turudie," alisema. Wakarudia mara nne.

Baada ya hapo kosa lenyewe alilipata kwa dakika kumi. Kila maikrofoni huja na faili lake la masahihisho, kwa kuwa hakuna inayosikia sawasawa na mwenzake. Ile ya zamani ilianguka ikafa. Alinunua mpya, akaendelea kutumia faili la marehemu. Kompyuta ikawa inazipunguza sauti za juu kwenye mchoro, naye akawa anaziongeza kwenye spika ili mstari unyooke. Mwenye masikio angeshtuka siku ya kwanza. Yeye alikuwa amekabidhi kazi ya miezi saba.

"Badilisha faili, yaishe," binti alisema. "Mwalimu hajui mambo haya. Mwambie ni kompyuta."

Alibadilisha faili, akapima, akapunguza nguvu ya zile spika ndogo za ndani zinazotoa sauti za juu. "Sasa?"

"Sasa ziko sawa, baba."

Akaitikia kwa kichwa jambo asiloweza kulihakikisha.

Kusema ni kompyuta kungekuwa na ukweli ndani yake, na bado kungekuwa uongo. Hilo alilijua. Alijua pia fundi wa spika asiyesikia ataitwa nini mtaani. Akapiga simu.

"Mwalimu, kosa ni langu. Nimelirekebisha, lakini mtu wako azisikilize kwanza kabla hujazipokea. Mimi sauti za juu sizisikii tena."

Upande wa pili ulinyamaza. Akaibana simu sikioni, akiogopa kwamba amejibiwa na jibu limempita.

"Pole, fundi. Tangu lini?"

Akaitazama rafu alipotunza michoro ya kila spika iliyotoka chumbani humo, miaka kumi na sita, kila karatasi na tarehe yake.

"Sijui, mwalimu."

Mwalimu akarudia swali polepole, kwa sauti kubwa, akikata neno moja moja.

"Nimekusikia," fundi alisema. "Nimesema sijui."