Kumungoja Yaya

Ile miaka ya sabini, kwetu Mudzipela kulinukia maziwa na moshi. Asubuhi mimi na yaya, mutoto wa kwanza wa mama, tulitikisa kibuyu mpaka siagi itoke, huku tukichekeshana. Nilimupenda. Yeye simulaumu.

Wenye kosa nawajua: shangazi, na baba mudogo aliyemuitikia kila neno.

Fundi cherehani mumoja wa mutaa wa Lumumba alikuja kunichumbia, kijana, shati limepigwa pasi vizuri. Shangazi akamukatalia palepale mulangoni.

"Mudogo hamuruki mukubwa. Yaya aolewe kwanza."

Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Lakini yaya hakuwa na haraka. Kila muchumba wake alimutafutia kasoro. "Huyu? Anatembea kama bata!" Tukaanguka chini kwa kicheko, siye wajinga, na miaka inakwenda.

Fundi alingoja. Siku ya soko alipita na baiskeli yake, anapiga kengele, nami natoka mbio nikijifanya natupa takataka. Tulitazamana tu. Utamu wa kutazamana vile sijaupata tena.

Siku moja nikauliza, "Na kuzaa kwangu, shangazi?"

"Kuzaa hakukimbii. Bado muko na damu ya kila mwezi."

Miaka ya themanini ilikuwa imekwenda mbali yaya alipomukubali mwanaume mumoja wa Irumu aliyefiwa na muke. Mimi na fundi tukafuata mara moja. Fundi alikuwa na mvi tayari. Mimba ikaingia, ikatoka. Kisha hakuna kitu.

Masere, mutawa mukunga wa materinite, alituketisha wote wawili. "Mama, musichana anazaliwa na mayai yake yote. Hakuna mengine yanayoongezeka. Yanazeeka pamoja naye, yanapungua, na mengi yanayobaki iko na kasoro. Ndiyo maana mimba haishiki."

Mume wangu akauliza polepole, "Na mimi?"

"Mbegu ya mwanaume inatengenezwa kila siku, papa, lakini nayo inachoka na umri."

Tulirudi nyumbani kwa miguu.

Jumapili shangazi akaja na mizizi ndani ya kitambaa, baba mudogo nyuma yake.

"Chemsha, mwanangu, unywe. Itakufungua tumbo."

Mume wangu, mutu asiyejua kupandisha sauti, akasimama. "Shangazi, tumbo la huyu muke halikufungwa. Mulimuchelewesha."

Shangazi akaifunga tena mizizi yake. Baba mudogo akakohoa, akaomba chai.

Nikamupikia. Sikutia sukari.