Tumbaku ya Moshi

Baba yangu anavuta kiko, na kwake tumbaku ina aina tatu tu: ya jua, ya kivuli na ya moshi. Ya jua huanikwa nje juu ya mkeka, nayo ni nyepesi na ina utamu kidogo. Ya kivuli hutundikwa chini ya paa mpaka ikauke yenyewe. Hiyo ni pole, anaitumia kuchanganyia. Ya moshi hukaushwa juu ya moto wa kuni mpaka iwe nyeusi, na harufu yake haitoki kwenye koti hata ulifue vipi. Zile za paketi, zilizotiwa asali na maji ya matunda, kwake si tumbaku. Anaziita jemu, ya kupaka mkate.

Naeleza haya kwa sababu nyumbani kwetu, huku Mbeere, kijana anayekuja kuposa sharti amletee Baba tumbaku. Baba huivuta kwanza, huuliza ni ya aina gani, kisha ndipo husema lake. Desturi hiyo aliitunga mwenyewe, na hakuna aliyewahi kuthubutu kumwambia ni upuuzi.

Kijana aliyekuja kumposa dada yangu alikataliwa. Alikuja na tumbaku yake imefungwa vizuri, akaulizwa, akajibu, Baba akavuta mpaka ikaisha. Halafu akasema, "Chai mmekunywa. Safari njema." Basi. Hakutoa sababu. Nyumba nzima tukaamua kwamba kijana alikosea aina, na dada akalia jikoni akisema ni yeye aliyemfundisha vibaya. Mwanamume huyo sasa ana mke na watoto Embu mjini. Dada bado yuko nyumbani. Ndiye anayempikia Baba, na ndiye anayemsafishia kiko.

Kwa hiyo zamu yangu ilipofika, hata usingizi ulinipaa. Mchumba wangu ni mtu wa Laare, amekulia kwenye mashamba ya miraa ya kutafuna, hata sigara hajawahi kushika. Nilimpigia simu nikampa neno moja tu la kushika: "Ya moshi. Ukipita Makutano, ulizia tumbaku ya moshi."

Alifika na shangazi yake, amenyoa, shati limepigwa pasi hadi linang'aa. Akamkabidhi Baba, aliyeketi na Mjomba na wazee wa kanisa, kifurushi cha gazeti kwa mikono miwili. Baba akafungua. Ndani mlikuwa na kitu chekundu, kimelowa chapachapa, kinanukia matufaha.

Ilikuwa shisha! Ile iliyopigwa marufuku, imeletwa mbele ya wazee wa kanisa, mchana kweupe! Baadaye ndipo nilipoelewa. Mchumba wangu aliulizia ya moshi kama nilivyomwambia, na mwenye duka akamtolea chini ya kaunta ile yenye moshi mwingi kuliko zote.

Baba akaishindilia kwenye kiko, akawasha. Haikushika. Akawasha tena. Ikaanza kuchemka. Naam, kuchemka, ikitoa mapovu kama uji, na mchuzi mwekundu ukamdondokea kwenye shati lake jeupe la Jumapili. Mjomba akainua macho akakagua paa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

"Kijana," Baba akasema, "hii ni ya aina gani?"

Mtu wa Laare ukimuuliza aina, kichwani mwake kuna mmea mmoja tu.

"Ni kangeta, Mzee."

Kwao kangeta ni daraja la miraa. Baba anaijua Kangeta kama soko tu, kule Igembe.

"Kangeta? Ati siku hizi Kangeta wanalima tumbaku?"

Shangazi wa watu akafunika uso kwa leso. Mchumba wangu alikuwa anatoka jasho kama mtu aliyebeba gunia.

"Hapana, Mzee," akasema. "Kusema ukweli, mimi sijui. Mimi najua miraa peke yake. Niliambiwa nilete, nikaleta. Hata sijui hii kitu inavutwa aje."

Nikajua yamekwisha. Nikatazama vikombe, nikingoja kusikia kwamba chai wamekunywa.

Baba akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka kiko kikamtoka mdomoni. "Huyu," akasema akijifuta machozi, "huyu tutaongea naye."

Hata furaha sikuisikia, nilikuwa bado nimeduwaa. Mjomba ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Lakini huyu amekuletea jemu! Sasa yule wa kwanza ulimkatalia nini?"

"Yule hakukosea kitu," Baba akasema. "Aliniletea ya moshi, safi kabisa. Nikamuuliza aina, akajibu. Nikamuuliza kuni zilizotumika, akajibu. Kila kitu alijibu kama mtoto wa Sande Skuli. Mtu aliyefundishwa kila jibu, mimi nitamjuaje?"

Wazee wakatikisa vichwa, hapo Mzee amesema. Mimi mwenyewe nilikaribia kutikisa changu. Kisha nikamwona dada. Alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai, na miaka yote hiyo alikuwa akiamini kwamba alifundisha vibaya.

"Ni mimi nilimfundisha, Baba," akasema.

"Nilijua ni wewe."

"Nilimfundisha kwa sababu tulikuwa tunakuogopa. Yeye hakuwa hivyo. Nje alikuwa anacheka tu kama huyu."

Baba akamgeukia. "Si ungeniambia?"

"Si ungeniuliza?"

Dada akazunguka akimimina chai, akaanza na mchumba wangu, akamnong'oneza "karibu, shemeji", akamalizia na Baba. Kisha akakichukua kiko mkononi mwa Baba, kama afanyavyo kila siku akienda kukisafisha. Akakitazama, sukari imeganda mpaka kwenye mdomo wake. Akamrudishia Baba mkononi kikiwa vilevile, akaenda zake jikoni.