Kanda imejaa, bosi anataka sauti za marehemu zifutwe

Leo nimemjibu bosi. Mimi, niliyekuwa naona aibu hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni shuleni!

Ofisi yetu hapa Bilele inatunza sauti za akina mama wagonjwa wa Muleba, wakizungumza na watoto watakaowaacha. Kazi yangu ni kuzinakili kwenye kanda ya akiba, ili kompyuta ikifa zisipotee.

Leo kanda imejaa huku nusu ya sauti zikiwa zimebaki nje.

"Boksi la kanda limeandikwa mashine huyabana mafaili, yaingie mara mbili!" bosi akafoka mbele ya wageni. "Binti, umejaza miziki yako humu!"

Nikamwita fundi wa mashine.

Fundi Twaha akaja kupima. Barua za ofisi zilibanwa vizuri, zikachukua nusu ya nafasi. Sauti zikagoma kupungua.

"Mashine ni nzima," akasema. "Sauti hizi zilishabanwa wakati wa kurekodiwa. Ni kama ndizi zilizokwisha kukamuliwa, utatoa juisi gani tena? Nunueni kanda ya pili."

Mnadhani bosi aliniomba radhi? Thubutu!

"Kanda ni ghali. Binti, futa za waliokwisha kufariki."

Jamani. Za waliokwisha kufariki!

Nikasimama, nikamsogezea kiti changu.

"Kaa wewe, waitu, mheshimiwa wangu. Anza na ya mawe, yaani ya mama yangu mzazi. Ila msikilize kwanza mpaka mwisho, ndipo ufute."

Hakukaa. Alichukua funguo za gari, akatoka bila kuaga.

Kiti nimekikalia mpaka sasa, sijafuta hata sauti moja. Semeni, nimekosa adabu?