Sabuni ya Mama kwenye Breki za Baba

Harufu ya sabuni ya unga, ile yenye chembe za buluu, hunifanya nishike shavu langu la kushoto. Wenzangu wakifua, mimi hujitenga, na wakiuliza nasema nina mafua. Leo nitawaambia ukweli, maana nimechoka na uongo huo.

Tulikaa Suna, Migori. Baba alikuwa Mjaluo wa Homa Bay, Mama Mkuria, kwa hiyo nyumbani tuligombana kwa Kiswahili. Nilikuwa na miaka tisa Dani, mama yake Baba, alipofariki. Baba alikuwa kifungua mimba wake, na kwao mwana wa kwanza akikosa mazishi ya mama yake, hata mbwa wa boma humdharau. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Ijumaa, pikapu yetu ikaanza kuvuja oili ya breki kwenye gurudumu la mbele.

Fundi Ochieng' alilala chini ya gari, akatoka akitikisa kichwa. Raba za kuzuia oili isivuje zilikuwa zimekwisha, na mpya zingetoka Kisumu Jumatatu.

"Na nikienda pole pole tu hadi Homa Bay?" Baba akauliza.

"Mzee, kuna ile dawa ya sabuni. Lakini mimi siisifu. Ukipatana na mteremko mrefu, usiniite."

"Ajali haina kinga," Baba akasema, kisha akanituma nyumbani nichukue sabuni ya Mama bila kumsumbua. Nilikimbia. Nikaleta kikombe kizima, ikakorogwa na maji, ikamiminwa mahali pa oili. Pedali iliyokuwa ikizama ikawa ngumu. Baba alinibeba mabegani kunipongeza, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nianze shule, nami nikajiona fundi mkuu wa Suna.

Asubuhi yake tulikuwa kumi na mmoja garini, pamoja na Baba kwenye usukani: mashangazi, binamu zangu na mimi, bila kuhesabu majogoo wawili waliofungwa miguu. Mama alikuwa bado chini, akitafuta sabuni aoshe vikombe vya chai kabla ya safari. Alipopita kando ya gari aliona povu kwenye gurudumu. Akaligusa, akanusa vidole.

"Nani amechukua sabuni yangu?"

"Mimi!" nikajibu kwa fahari kutoka juu ya magunia. "Iko kwa breki."

Alinivuta chini kwa mkono mmoja, akanizaba kofi lililonizibua masikio. Kisha akaingia jikoni, akatoka na panga.

Alilichoma tairi la kwanza ubavuni. Likapasuka kwa mlio uliowarusha mashangazi chini, wakaanza kupiga nduru kana kwamba Dani amefariki mara ya pili. Baba aliruka kutoka kwenye usukani, akamkaba Mama shingo, akampiga ngumi ya mdomo. Mama alitema damu na jino, akajinasua, akachoma la pili. Mimi, kwa uchungu wa kofi na kwa kumpenda Baba, nilimrukia Mama nikamng'ata mkono hadi nikaonja damu yake. Alinikung'uta kama siafu, akachoma la tatu. Baba akaokota chuma cha jeki, akakiinua juu ya kichwa cha Mama.

"Nipige, Baba Akinyi," Mama akasema, akimwita kwa jina langu, panga likiwa bado mkononi. "Ajali haina kinga, lakini hii mmeipika na sabuni yangu. Watoto hawapandi hii gari."

Chuma kilishukia kioo cha mbele. Baba aliketi katikati ya vipande akalia kwa sauti. Wengine walikwenda stendi kutafuta magari. Yeye alifika Homa Bay kwa pikipiki ya kukodi, shati lina damu, kaburi limekwisha kufukiwa. Kwa miaka mingi ndugu zake hawakugusa chakula cha Mama. Walisema ana wazimu, nami nilikubaliana nao.

Nilikua, nikanunua gari langu. Siku moja nikishuka mteremko mrefu wa kutoka Rodi Kopany kuelekea Homa Bay, njia ambayo Baba angetupitisha, nyuma ya lori lililojaa miwa, nilikanyaga breki mara nyingi hadi nikasikia harufu ya kuungua. Breki zangu zilikuwa nzima, zikashika. Lakini maji ya sabuni yakipata joto lile huchemka, na pedali huzama hadi sakafuni. Nilikumbuka kikombe nilichokibeba kwa mbio. Nikaegesha pembeni, kisha nikageuza gari.

Nilimwendea Mama, nikamshika mkono wenye alama za meno yangu.

"Ulikuwa na meno mazuri," akaniambia, akicheka na pengo lake.

Ile ngumi sijamsamehe Baba, ingawa nilimzika kwa machozi. Na kofi langu, ambalo miaka yote niliamini nilipigwa kwa sababu ya kikombe cha sabuni, sasa nalionea fahari. Kati ya sisi kumi na mmoja wa asubuhi ile, wanne wamekwisha kufariki, Baba akiwa wa mwisho. Wote walifia vitandani mwao.