Mgonjwa Aliyeitikia Kila Jina

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ya kumfanya mtu aipende hata harufu ya moshi. Mwanafunzi mkubwa kwa umri kuliko wote katika chuo cha uuguzi alifika wodi ya wanaume viatu vimelowa. Akavipangusa mlangoni, akatupa jicho kulia na kushoto kama mtu anayeingia nyumba yenye mbwa, ndipo akapita.

Wenzake, vijana wa rika la mwanawe wa kwanza, walimbandika jina la Bi Wasiwasi, na hawakumsingizia. Kabla ya chuo alikuwa na duka la vitambaa, na huko alijifunza kwamba mteja anayesifia sana bidhaa ndiye wa kutazamwa mikono. Watoto walipokua alifunga duka akaenda kusomea stashahada ya uuguzi, jambo alilolitamani tangu siku alizomuuguza mama yake pasipo kujua alifanyalo. Wifi yake alicheka akashika mbavu.

"Wifi, ukihitimu si utakuwa mgonjwa mwenyewe?"

"Nitajiuguza," akamjibu. "Wala sitakusumbua kuja kunitazama."

Masomo ya darasani hayakumpa tabu. Mifupa na dozi za dawa alivikariri kama bei za vitambaa. Kilichomtoa jasho ni vitendo. Muhula uliopita, kwenye chumba cha mazoezi, alimkuta mgonjwa amejifunika shuka gubigubi, anagumia kama mwenye uchungu wa uzazi. Akamwita kwa jina lililokuwa kwenye kadi. Mgonjwa akasema, "Naam." Akampa dawa. Shuka likafunuliwa: kumbe ni dereva wa chuo, na kadi ilikuwa ya mtu mwingine.

"Umeshamuua," mkufunzi alisema bila kupandisha sauti. "Naam ni kuitika tu, mama. Mgonjwa humtajii jina lake, unamwacha alitaje mwenyewe."

Akaanguka mtihani. Leo ilikuwa marudio, na marudio hayana marudio mengine. Akianguka tena, chuo basi.

Mkufunzi alikuwa amekwisha fika, mwanamke mwembamba mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hata kwenye mfuko. Alitabasamu. Bi Wasiwasi hakukumbuka kuliona tabasamu lile tangu aanze chuo, na moyo ukamwambia: hapa pana jambo.

"Kitanda cha tano," mkufunzi akasema. "Kidonda cha mguu. Sindano ya penisilini."

Aliivuta dawa kwenye bomba la sindano, mkufunzi akaikagua, wakaenda kitandani. Kadi ilining'inia ukutani juu ya kichwa cha mgonjwa. Chini yake alilala mzee mwenye uso mnyofu, amenyoa vizuri, macho yanafuata kila kitu. Yale yale aliyoyakimbia Bi Wasiwasi yakamponyoka mdomoni: akamwita mzee kwa jina la kwenye kadi.

"Naam," mzee akaitika.

Nyuma yake akaisikia kalamu ya mkufunzi ikiandika. Masikio yakamwaka moto. Akainamisha kichwa kwa aibu, na alipokiinamisha ndipo alipoiona miguu ya mzee imechungulia nje ya blanketi. Miguu miwili mizima, safi, haina bendeji wala kovu.

Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Bi Wasiwasi akajisemea, wamenirudia. Huyu naye ni dereva wa mahali fulani. Ndiyo maana ya tabasamu lile, na ndiyo maana mzee amenyoa kama bwana harusi! Akaamua kumtega mtegaji. Akamwita mzee kwa jina la marehemu babu yake mwenyewe.

"Naam, binti yangu."

"Mzee wangu, nyumbani wanakuitaje?"

"Babu. Hata mke wangu siku hizi ananiita Babu."

"Na kabla hujawa babu?"

Mzee akacheka, akalitaja jina lake lote, la kwake, la baba na la ukoo. Halikufanana na la kwenye kadi hata kwa herufi ya kwanza.

Bi Wasiwasi akaifunika sindano, akageuka, kifua mbele. "Mwalimu, mtego wenu nimeuona."

"Mtego gani?"

Akamtazama mkufunzi usoni. Tabasamu lilikuwa limeondoka, na rangi nayo inaondoka. Hapo Bi Wasiwasi akaelewa kwamba hakuna aliyetega chochote. Huyu alikuwa mgonjwa wa kweli, na sindano ilikuwa ya mtu mwingine. Mkufunzi alikwisha kuifikia kadi ya kitanda cha sita, cha dirishani. Ilikuwa na jina lile alilolitaja mzee, na chini yake maandishi mekundu: mwili wake unakataa penisilini.

Kitandani pale, mzee wa pili alijikunyata, mguu wake wa bendeji ameuficha upande wa ukuta.

"Sisi tulibadilishana usiku," akasema kwa sauti ndogo. "Kidonda kinanuka, nikaona haya. Mwenzangu akanipa dirisha."

Mkufunzi alimgeukia mwanafunzi wake. "Ulijuaje? Umewapanga lini hawa wazee?"

"Mimi, mwalimu?"

"Dakika moja iliyopita umerudia kosa lile lile la kumtajia jina. Ghafla umekuwa mpelelezi. Nani alikwambia?"

"Nilidhani wewe ndiye uliyempanga," Bi Wasiwasi akasema, machozi yako karibu. "Niliona miguu haina kidonda, nikajua ni mchezo wako."

Wakatazamana, hakuna aliyemwamini mwenzake. Mzee aliyenyoa akajiinua kwa kiwiko.

"Mnashukiana nyinyi," akasema, "na mimi ndiye niliyekuwa nadungwa!"

Mgonjwa wa kitanda cha saba alicheka hadi akakohoa. Mkufunzi hakucheka. Alimwita muuguzi wa zamu, kila mzee akarudishiwa kadi yake, kisha akafungua ukurasa mpya. "Anza upya. Toka mlangoni."

Bi Wasiwasi akaanza toka mlangoni. Alimuuliza mzee wa dirishani jina lake, akanyamaza, akangoja mpaka likatajwa lote. Akautazama mguu. Akauliza kama kuna dawa inayomdhuru. Ndipo akadunga. Mkufunzi alisimama karibu mno, anamwangalia mikono kama mwenye duka anavyomwangalia mteja.

"Umepita," akasema mwishowe. "Ila usidhani nimeridhika na habari ya hawa wazee."

"Hata mimi, mwalimu, na lile tabasamu la asubuhi."

Mkufunzi alimkazia macho, akaitia kalamu mfukoni, akaondoka.

Kesho yake asubuhi Bi Wasiwasi aliripoti wodini kabla ya zamu kubadilika. Muuguzi wa zamu akamkabidhi toroli la dawa. Akalisukuma mpaka kitanda cha kwanza, akavuta pazia, akamwuliza mgonjwa jina lake lote.